BEHEWA LETU NA STESHENI YA KONGWA
(Historia fupi ya ofisi yetu)



Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya kuandika historia ya ofisi ya kikundi. Nikasema moyoni, hiyo ni kazi ya nusu ukurasa. Ofisi yenyewe mnaijua: banda refu, jembamba, bati juu, madirisha manne upande mmoja na mlango mwishoni. Watoto wa shule ndio waliolipa jina la Behewa, na sisi wenyewe tukalizoea. Mtu akiuliza, "Leo mnakutana wapi?" jibu ni moja tu: "Kwenye Behewa."

Lakini nilipokaa kuandika niliona kwamba historia ya Behewa haiandikiki bila kusema jambo moja ambalo baadhi ya wenzangu wangependa lisitajwe mbele ya wageni. Tulibishana kikao kizima. Mwishowe wakaniambia, "Haya, andika, lakini andika vizuri." Nimejaribu. Nimeanzia mbali kidogo, kwenye reli, kwa sababu Kongwa yetu hii iliwahi kuwa na stesheni yake ya treni, na mambo yaliyoipata stesheni ile yanasaidia kuyaeleza ya kwetu. Naomba mvumilie.

Reli ilivyofika Ugogo

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Ni zaidi ya kilometa 1,200 za chuma kutoka baharini mpaka ziwani. Mji wa Dodoma tunaouona leo ulikua kando ya stesheni hiyo. Kabla ya hapo, sehemu kama Mpwapwa na Kilimatinde ndizo zilizokuwa na sifa zaidi, kwa sababu misafara ya wapagazi ilipita huko.

Reli haikuletwa ili Mgogo asafiri. Ililetwa kubeba mali, na vita ilipokuja ikabeba askari. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914, na Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yakaingia Dodoma. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe wetu, nafaka zetu na vijana wetu wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, ghala zilikuwa tupu na mazizi matupu. Ndiyo ile njaa iliyoitwa Mtunya, ambayo wazee waliotutangulia waliitumia kuhesabia umri wa watu. Mtu alikuwa amezaliwa kabla ya Mtunya, au wakati wa Mtunya, au baada yake.

Hapa niweke kisa kimoja cha behewa la kweli. Vita ile ilipokaribia kwisha huko Ulaya, Wafaransa walichukua behewa la chakula, namba 2419, wakatoa meza za kulia na kuligeuza ofisi ya Jemadari Foch. Tarehe 11 Novemba 1918, ndani ya behewa hilo, kwenye msitu wa Compiègne, ndipo Wajerumani walipotia sahihi ya kusimamisha vita. Huku Afrika habari zilichelewa: von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba, mahali ambapo siku hizi ni Mbala, Zambia. Mwaka 1940 Hitler aliwashinda Wafaransa, akaamuru behewa lile lile litolewe, akawatilisha sahihi humo humo ili kuwadhalilisha. Kisha akalihamishia Ujerumani, nalo likateketea mwaka 1945.

Kwa hiyo, akina mama, msione haya kufanyia kazi kwenye Behewa. Vita iliyotuletea Mtunya ilizimwa na watu waliokaa kwenye behewa lililowahi kuwa hoteli ya treni. Mahali huwa vile watu walivyopafanya.

Mradi wa karanga

Sasa tuje nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, alitoa wazo kwamba Afrika Mashariki ilime karanga kwa mashine, mashamba makubwa yasiyowahi kuonekana. Serikali yao ikatuma ujumbe chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Wakazunguka wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na hesabu: ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Kwa Tanganyika walichagua sehemu tatu, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ikawa ya kwanza.

Watu walianza kuingia Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita. Mengine yalitengenezwa kwa kugeuza vifaru. Mzigo ulijaa bandarini Dar es Salaam, na reli ilikuwa njia moja tu. Mto Kinyasungwe nao ukafurika ukaibomoa reli. Yeyote anayesafiri kati ya Kilosa na Gulwe anajua kwamba mto huo na reli hawajapatana mpaka leo.

Walipofika shambani wakakuta kichaka kigumu na mibuyu. Mbuyu haung'olewi kwa hasira. Udongo wa Kongwa ukiwa mbichi unalimika, lakini jua likishaupiga unakuwa kama sakafu ya saruji, na mchanga wake unakula chuma cha jembe la trekta. Karanga ikishakomaa chini ya sakafu hiyo, nani ataitoa? Na mvua ya huku tunaijua wenyewe: inaanza Novemba au Desemba, inakwisha Aprili, na katikati inaweza kukuaga wiki tatu bila kusema inarudi lini.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Walijaribu pia alizeti, nazo ukame ukazikuta. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi umeshindikana, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko zile zilizonunuliwa kuwa mbegu. Someni tena sentensi hiyo, halafu mfikirie mwanachama wetu anayekopa debe la mbegu na kurudi nyumbani na nusu debe.

Jambo linaloniuma mimi ni hili. Karanga hazikuwa kitu kigeni Ugogo. Bibi zetu walikuwa wakizilima kwa jembe la mkono, kipande kidogo hapa, kipande kidogo pale, pamoja na uwele na mtama, ili mvua ikikataa huku isikatae kote. Walijua udongo upi unashika na upi unaachia. Elimu hiyo ilikuwepo hapa hapa, umbali wa kupiga kelele kutoka kwenye mahema ya wataalamu. Kumuuliza mwanamke mwenye jembe kusingegharimu hata pauni moja.

Stesheni bila treni

Kwa ajili ya mradi huo ilijengwa njia ya tawi kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, hadi Kongwa. Ndiyo iliyotupatia stesheni. Fikirini mji uliofanywa kwa haraka: karakana, nyumba za wataalamu, hospitali, hata shule ya watoto wa Kizungu. Mradi ulipokufa, watu wakafunga mizigo. Shule ile nayo ilihamishiwa Iringa mwishoni mwa miaka ya 1950. Sehemu ya ardhi iliyokwisha kufyekwa ikawa ya kufugia ng'ombe, na huo ndio mwanzo wa Ranchi ya Kongwa tunayoijua. Treni zikaacha kuja. Stesheni ikabaki na kuta zake, popo na upepo.

Kama mambo yangeishia hapo, Kongwa ingekuwa jina la kuchekwa tu. Vitabu vingi vya Wazungu kweli vinaishia hapo. Lakini sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba stesheni ile ilipata kazi ya pili, na kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Wapigania uhuru

Mwezi Mei 1963 nchi huru za Afrika ziliunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Addis Ababa. Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Vyama vya ukombozi vya kusini vilihitaji mahali pa kuwaweka vijana wao waliokuwa wakirudi kutoka mafunzoni Algeria, Urusi na kwingineko. Paliitajika pawe mbali na mipaka na mbali na macho ya watu, lakini pasiwe pori kabisa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa Kongwa: eneo la ile stesheni ya zamani na majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga.

Kuanzia mwaka 1964 wakaingia. FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, na wengine baadaye, kila chama na sehemu yake. Waliyakuta magofu. Wakayatengeneza, wakaongeza majengo mengine kwa mikono yao, wakalima mboga. Samora Machel, akiwa kijana aliyetoka mafunzoni Algeria, aliongoza wapiganaji wa FRELIMO hapa hapa, na mwaka 1975 akawa rais wa kwanza wa Msumbiji huru. Chris Hani wa Afrika Kusini alipita hapa. Vita ya ukombozi ya Msumbiji ilianza tarehe 25 Septemba 1964, na ile ya Namibia tarehe 26 Agosti 1966 huko Omugulugwombashe, na miongoni mwa walioianza walikuwamo waliokula vumbi la Kongwa. Namibia ilipata uhuru mwaka 1990. Afrika Kusini ilipiga kura ya wote mwaka 1994.

Na Kongwa haikuwa peke yake. Nachingwea nako, kwenye ardhi ya mradi ule ule wa karanga, FRELIMO walipata kambi yao kubwa, ile iliyoitwa Farm 17, jina la shamba la karanga. Huko Mazimbu, Morogoro, shamba la mkonge lililochakaa likawa shule ya ANC. Nchi yetu ilikuwa maskini na haikuwa na majumba mapya ya kugawa. Iligawa ilichokuwa nacho, yaani hasara za wakoloni, na wenye shida wakazigeuza kuwa mtaji.

Sisemi kwamba maisha ya kambini yalikuwa asali tupu. Kulikuwa na kusubiri kwingi, miaka kwa miaka, mbali na kwao. Kulikuwa na manung'uniko na migogoro ndani ya vyama vyenyewe. Makaburi ya waliofia hapa bila kuiona nchi yao yapo, na ndugu zao wanakuja kuyatembelea.

Akina mama ambao hawakuandikwa

Wapo pia watu ambao hamtawaona kwenye vitabu vya ukombozi, nao ni wanawake wa Kongwa. Vijana wale hawakuishi na bunduki tu. Walinunua chakula kwa mtu, walikunywa pombe iliyopikwa na mtu, walitafsiriwa lugha na mtu. Wengine walipendana na mabinti wa hapa, wakazaa nao. Kisha amri ikaja ya kuondoka, usiku, bila kuaga, maana ndivyo vita ilivyotaka. Walikokwenda wengine walipata vyeo, wengine walikufa. Mama akabaki na mtoto mwenye jina la nchi ya mbali, na swali ambalo hakuwa na wa kumuuliza.

Siku hizi Kongwa inahesabiwa kati ya sehemu za urithi wa ukombozi wa Afrika, na ni haki yake. Wageni wanakuja, majina ya makamanda yanasomwa. Nami nashangilia pamoja nao. Ila nikitafuta jina la mwanamke mmoja wa Kigogo aliyebeba sehemu yake ya mzigo, silioni limeandikwa. Kitu kisichoandikwa kina tabia moja: baada ya muda watu hukiandika upya midomoni, na mara nyingi hukiandika kwa ubaya.

Turudi kwenye Behewa

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Wanachama wapya na wageni wetu wanajua kwamba Behewa ni ofisi. Wachache wanajua kwamba lilijengwa kuwa banda la mashine ya kusaga.

Mwaka wetu wa nne tuliona tumekua. Sanduku lilikuwa zito, kufuli zote tatu zikifunguliwa tunatabasamu. Tukasema tusiendelee kutembea kwenda kusaga kwa watu, tununue mashine yetu. Tukanunua ya dizeli, iliyokwisha tumika. Tukajenga banda refu ili wateja wapange foleni ndani, wasipigwe na jua. Tulipiga hesabu ya debe kwa siku, na hesabu ilikuwa nzuri sana. Ila, ndugu zangu, tulihesabu debe za mwaka wa mvua. Kumbe tulikuwa akina Wakefield wa Kigogo! Mwaka uliofuata mvua ilikata mwezi Februari, mahindi yakakauka yakiwa na mbelewele, na mtu asiye na mahindi hana cha kusaga. Dizeli ikapanda. Mashine ikaharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Mwishowe tuliiuza kama chuma chakavu. Hisa za mwaka mzima zikaenda na maji.

Hilo ndilo jambo ambalo wenzangu waliona aibu lisomwe na wageni. Mimi naona aibu yetu iko kwingine.

Baada ya hasara ile maneno yalizuka. Hatukusema "tulikosea hesabu." Tulisema chini chini, kisimani na njiani kutoka gulioni, kwamba hela zimeliwa. Na aliyeshika hela ni nani? Mweka hazina wetu wa kwanza. Hakuna aliyemshitaki, na kwa hiyo hakupata hata nafasi ya kujibu. Aliacha kuja vikaoni. Mwezi wa tatu akatuma mtoto na funguo yake ya kufuli, imefungwa kwenye kitambaa. Hakurudi.

Kwa ajili ya kitabu hiki nilifungua madaftari ya miaka ile. Nilikaa nayo siku mbili pamoja na mwenyekiti na katibu. Kila lita ya dizeli imeandikwa. Kila safari ya fundi imeandikwa, na siku ambazo fundi hakuja zimeandikwa. Kuna kurasa ambapo mama yule aliweka fedha zake mwenyewe ili mashine iwake, na hakuzidai. Hakuna senti iliyopotea mikononi mwake. Hasara ilikuwa yetu sote, maana sote tulinyoosha mkono siku ya kupitisha mradi, na mimi nilinyoosha miwili.

Waingereza walipopoteza pauni milioni 36 Kongwa walisimama Bungeni wakaitangaza hasara yao, ikaandikwa, dunia ikasoma. Walichekwa sana, lakini hakuna karani mmoja wa Kongwa aliyebebeshwa mzigo wote peke yake. Kikundi cha akina mama kitashindwaje kufanya hivyo kwa hesabu ndogo kama yetu?

Banda lilikaa tupu mwaka mzima, kuku wakilala humo. Siku moja ya mvua tulikimbilia ndani na sanduku letu tukaendesha kikao humo, tukaona panafaa. Tulipaka chokaa, tukaweka meza pale ilipokuwa mashine. Alama za mafuta sakafuni hazikutoka mpaka leo. Katika chumba hicho tumegawana hisa mara sita bila ugomvi. Tumelipia watoto karo. Tumenunua alizeti na karanga kwa pamoja na kuziuza soko la Kibaigwa, kidogo kidogo, na siku hizi kabla ya kupitisha mradi wowote tunauliza swali moja: mwaka wa ukame itakuwaje? Swali hilo mashine ndiyo iliyotufundisha, na ada yake tulishalipa.

Kamati imekubali mambo mawili. La kwanza, ukurasa wa hesabu ya mashine utabandikwa ukutani kwenye Behewa, kila mtu ausome. La pili, mwenyekiti na katibu wameshakwenda nyumbani kwa mweka hazina wetu wa kwanza, wamemwomba radhi kwa mdomo na kumpa mwaliko wa sherehe kwa maandishi. Alitupokea vizuri, akatupa maji ya kunywa. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja.

Kiti chake tutakiweka mbele, karibu na meza. Funguo yake bado ninayo, katika kitambaa kile kile.